Barabara Ikifungwa, Ifungwe kwa Ajili ya Nani?

Vijana wenzangu, mlio ule mnaujua. Uko juu ya baiskeli, keria imejaa mzigo, jasho linakuingia machoni, mara king'ora kinalia nyuma yako. Askari anapunga mkono: "Pembeni! Pembeni upesi!" Unashuka, unaikokota baiskeli mpaka ukingoni mwa mtaro, unasubiri. Dakika kumi. Dakika ishirini. Kisha yanapita magari meusi yenye vioo vyeusi, mbio kama yanakimbizwa, na vumbi lake linakupiga usoni. Amepita mkubwa. Ni nani, hujui. Anakwenda wapi, hukuambiwa. Uliambiwa neno moja tu: pembeni.

Mimi binafsi nilikuwa kando ya mtaro huo na binamu yangu. Yeye anasambaza mayai kwa baiskeli, anatoka alfajiri kuwapelekea wenye vibanda vya chipsi. Siku hiyo alikuwa na trei sita. Katika ule mshikemshike wa kuambiwa pembeni, gurudumu la mbele likaingia mtaroni, trei nne zikaenda chini. Mayai mia na ishirini yakageuka uji kwenye tope. Alirudi nyumbani na deni. Alimlalamikia nani? Mtu hawezi kuushitaki msafara.

Leo lakini sikuja kulia. Nimekuja na habari ya barabara nyingine, ya mbali kabisa, ambayo nayo hufungwa. Inafungwa na askari, kwa vizuizi, kwa amri halali. Tofauti ni moja tu, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

SIKU YA KONA 48

Kaskazini mwa Italia, karibu na mpaka wa Uswisi, kuna barabara inaitwa Stelvio. Inapanda milima ya Alps mpaka zaidi ya mita 2,750 juu ya usawa wa bahari. Kwa wale waliowahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo ni juu kidogo ya kibanda cha Mandara, wanapolala wageni usiku wa kwanza. Tofauti ni kwamba Stelvio kuna lami mpaka juu. Ukianzia kijiji cha Prato, chini katika bonde la Venosta, unapanda kama kilomita 25, na kona kali zinazogeuka kurudi zilikotoka ni 48. Kila kona ina namba yake. Ya chini kabisa ni namba 48, na unahesabu kurudi nyuma mpaka ufike namba moja kileleni. Yaani mlima wenyewe unakusomea deni lako limebaki kiasi gani.

Sijafika huko. Nauli ya kufika huko sina, na sitaki kumdanganya mtu. Lakini kwa yeyote anayefuatilia mbio za baiskeli za Italia, Stelvio ni kama uwanja mkuu wa soka. Mwaka 1953 Fausto Coppi alimwacha hapo Hugo Koblet wa Uswisi, akamvua ushindi ambao watu walidhani umekwisha kuwa wake. Mpaka leo wazee wa Italia wanausimulia mpando ule kama sisi tunavyosimulia mabao ya zamani.

Siku za kawaida za kiangazi, barabara ile ni vurugu. Kuna mapikipiki makubwa yanayonguruma bondeni kama radi. Kuna magari ya fahari ya watu waliokuja kujaribu injini zao. Kuna mabasi ya watalii yanayoziba kona nzima. Katikati ya hayo yote kuna mtu wa pedali, anapanda polepole, anayumba kwa uchovu, na nyuma yake mtu anapiga honi. Hapo hakuna tofauti kubwa na kwetu. Mwenye injini ndiye mwenye njia.

Lakini mara moja kila mwaka, kwa kawaida Jumamosi ya mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, mambo hugeuka. Hifadhi ya Taifa ya Stelvio, iliyoanzishwa mwaka 1935, huandaa siku ya baiskeli. Tangu asubuhi hadi saa 10 alasiri hakuna gari wala pikipiki. Inafungwa pande zote: upande wa Prato, upande wa Bormio, na upande wa Uswisi unaotokea Santa Maria kwa kupitia njia ya Umbrail. Maelfu ya watu wanajitokeza. Hakuna kiingilio. Hakuna kujiandikisha. Hakuna kikombe wala mshindi. Anayepanda kwa saa mbili na anayepanda kwa saa tano wote wamefika, wote wanakunywa chai kwenye baridi ile ile.

Hata mteremko umefikiriwa. Watu maelfu wakipanda na kushuka njia moja watagongana. Kwa hiyo wanaopandia Prato hushauriwa washukie Umbrail, waingie Uswisi, wapite bonde la Müstair na kuzunguka mpaka walikoanzia. Huo ndio mpango. Wale wanaotuambia kwamba ukiondoa magari barabarani utaleta fujo, wajibu hilo.

Sasa ndugu msomaji, simama hapo kidogo uitazame picha hiyo. Askari yupo. Kizuizi kipo. Kuna mtu amesimamishwa, ameambiwa asubiri, na saa yake inakwenda. Lakini safari hii aliyesimamishwa ni mwenye gari la fahari. Anayepita katikati ya lami, kifua mbele, ni mtu wa pedali.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoisema. Kwetu barabara hufungwa ili mkubwa apite. Kule, kwa siku moja, hufungwa ili mdogo apite.

BARABARA YA KAISARI

Msidhani barabara ile ilijengwa kwa ajili ya wapanda baiskeli. Ilipojengwa, baiskeli ya pedali tunayoijua ilikuwa haijazaliwa.

Mwaka 1815, baada ya Napoleon kuanguka, wakubwa wa Ulaya walikaa Vienna wakagawana ardhi na watu kama wanavyogawana nyama. Austria ikapata Lombardia, pamoja na mji wa Milan. Kaisari wa Austria akataka njia ya kupitisha majeshi na maofisa wake kutoka Tyrol mpaka Milan bila kuzunguka. Akapewa kazi mhandisi Carlo Donegani. Kati ya mwaka 1820 na 1825 barabara ikachongwa mlimani, kona juu ya kona, ili farasi waweze kukokota mizigo mizito. Shabaha ilikuwa moja: mtawala aweze kuwafikia upesi watu ambao hawakumchagua.

Mipango ya wakubwa haidumu. Mwaka 1859 Austria ilinyang'anywa Lombardia. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huko, askari wa Italia na wa Austria walipigana kwenye theluji ya vilele vinavyoizunguka barabara hiyo hiyo. Vita ilipokwisha, bonde la Venosta nalo likawekwa chini ya Italia. Mpaka ukahama, na barabara ya jeshi ikabaki haina jeshi.

Leo nani anakumbuka jina la ofisa aliyepita pale kwa gari la farasi, raia wamesimamishwa pembeni? Lakini jina la Coppi, kijana wa familia ya wakulima aliyewahi kupeleka nyama kwa baiskeli kwa kazi ya duka la bucha, kila mtu analijua. Ndiyo, mpeleka mizigo kama binamu yangu.

Hapo kuna fundisho. Barabara haizaliwi na mwenyewe. Haikuandikwa mbinguni kwamba lami ni ya injini. Barabara ni ya yule ambaye amri ya siku hiyo inampendelea, na amri hutungwa na watu. Kilichotungwa na watu kinaweza kutunguliwa na watu. Ilikuwa ya Kaisari. Ikawa ya askari. Ikawa ya magari. Na siku moja kwa mwaka inakuwa ya mtu yeyote mwenye miguu miwili na nia.

BONDENI KAZI NI YA KILA SIKU

Najua msomaji mwenye macho makali atanibana: "Siku moja kwa mwaka? Hiyo si haki, hiyo ni tamasha." Anasema kweli. Na sisi matamasha tunayajua. Siku ya usafi mkubwa anashika ufagio, anapigwa picha, na jioni takataka ziko pale pale. Kama Stelvio ingekuwa na ile siku moja tu, nisingepoteza wino.

Lakini shuka bondeni uone. Bonde la Venosta linafuata mto Adige, kutoka njia ya mlimani ya Resia, yenye urefu wa mita 1,500 na kidogo, mpaka mji wa Merano chini. Bonde zima limejaa mashamba ya matufaha. Katikati ya mashamba hayo, kandokando ya mto, kuna njia ya baiskeli ya kama kilomita 80. Sehemu kubwa yake iko mbali kabisa na barabara kuu. Haikuchorwa kwa mstari wa rangi pembeni mwa malori, ambao dereva anauvuka akipenda. Ni njia yake yenyewe. Anapita mama na mtoto, anapita mkulima, anapita mgeni na mabegi yake, na hakuna anayemwambia mwenzake pembeni.

Njia hiyo imepewa jina la Via Claudia Augusta, kwa kuwa inafuata barabara ya kale ya Warumi. Hiyo nayo ilianza kama njia ya majeshi. Jemadari Drusus aliifungua mwaka 15 kabla ya Kristo, na Kaisari Claudius akaikamilisha miaka sitini baadaye. Bonde lile limepitiwa na wababe wa kila aina. Leo lina watu wa baiskeli.

Halafu kuna treni. Reli ya Merano mpaka Malles, kilomita 60, ilifungwa mwaka 1990. Sababu tunazijua hata bila kuambiwa: watu wana magari, treni inakula hasara. Wimbo huo hata huku tumeimbiwa. Lakini jimbo lile lina mamlaka yake ya ndani, lililoyapata kwa sheria ya mwaka 1972 baada ya miaka mingi ya kudai. Jimbo likaichukua reli, likaitengeneza, na mwaka 2005 treni ikarudi. Leo kwenye vituo unakodi baiskeli, unateremka bondeni kwa raha zako, unairudisha kituo kingine, unapanda treni kurudi. Mtu asiye na gari anaweza kulizunguka bonde zima na asijione yatima.

Mpanda baiskeli anayeanzia juu, Resia, anapita ziwa ambalo katikati yake unachomoza mnara wa kanisa. Maji yamezunguka pande zote, mnara umesimama peke yake. Hicho kilikuwa kijiji cha Graun. Mwaka 1950 kilizamishwa ili kupata bwawa la umeme. Nyumba zaidi ya 150 zilikwenda. Wenyeji walilalamika, wakapiga hodi kwa wakubwa wa serikali na wa kanisa, wasisikilizwe. Leo watalii wanapiga picha mnara, wanatabasamu. Lakini watu wa bonde lile wanajua maana yake. Wanajua inavyokuwa mkubwa anapoamua ardhi yako itumike vipi, na wewe ukaambiwa pembeni. Sishangai kwamba waliposhika mamlaka yao wenyewe, walifufua treni na kujenga njia ambayo haimfukuzi mtu.

HAWAKUPEWA KWA HISANI

Hapa ndipo nataka vijana mnisikilize vizuri, kwa sababu wapo watakaosema: "Wazungu wamestaarabika, serikali zao zina huruma." Uongo mtupu! Hakuna serikali yenye huruma na baiskeli. Kila mita ya lami isiyo na gari kule imegombaniwa, na mara nyingi waliogombania walishindwa.

Tazameni milima ya Dolomiti, jirani na hapo. Mwaka 2017, Jumatano za Julai na Agosti, njia ya Sella ilifungwa kwa magari na pikipiki tangu saa 3 asubuhi mpaka saa 10 alasiri. Basi, baiskeli na miguu tu. Wenye hoteli na migahawa wakaja juu: mnatuua, wateja wetu wanakuja kwa gari! Mwaka uliofuata mpango ule haukurudi kama ulivyokuwa. Waliotaka kimya walipata kiangazi kimoja, wakarudi kwenye meza ya mabishano.

Tazameni Uswisi. Mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipobana mafuta, serikali ya Uswisi ilipiga marufuku magari Jumapili tatu mfululizo. Watu wakatoka na baiskeli, wengine kwa miguu, wakatembea katikati ya barabara kuu ambazo jana yake ungekufa ukikanyaga. Wengi walionja utamu. Mafuta yaliporudi, injini zikarudi. Waliokumbuka ule utamu wakadai kura ya maoni ili angalau Jumapili nne kwa mwaka, moja kila msimu, ziwe bila magari. Kura ikapigwa Mei 2003. Wakashindwa vibaya: asilimia 62 walikataa.

Walikaa kulia? Hapana. Walibadili mbinu. Badala ya kudai siku, wakadai njia. Septemba 2018 wananchi wa Uswisi walipiga kura kuingiza njia za baiskeli ndani ya katiba, zikae pamoja na njia za watembea kwa miguu. Asilimia zaidi ya 73 wakasema ndiyo. Sheria ya kuitekeleza ikaanza kazi Januari 2023, na inazilazimisha mamlaka za majimbo kupanga mitandao ya njia za baiskeli. Baiskeli ndani ya katiba! Huku kwetu hata kwenye ramani ya barabara mpya wanaisahau.

Na Austria je? Wanakijiji wa Tyrol walichoshwa na ngurumo za pikipiki za starehe kila Jumapili ya kiangazi. Juni 2020 mkoa wa Reutte ukapiga marufuku, kwenye barabara kadhaa za mabonde yake, pikipiki ambazo hati zake zinaonyesha kelele zaidi ya desibeli 95. Vyama vya waendesha pikipiki vilipiga makelele, nusura yazidi ya pikipiki zenyewe. Marufuku ikaanza kazi hata hivyo.

Mnaona? Huyu alishinda, yule alishindwa, mwingine alishindwa leo akashinda miaka 15 baadaye. Haki ya njia haikuletwa na ustaarabu. Ililetwa na watu waliokataa kukaa mtaroni.

"HAYO NI YA WAZUNGU"

Sasa nijibu wale wa kijiweni, maana najua watakavyosema. "Wewe mwandishi unatuletea anasa za watu wenye baiskeli za bei ya gari. Sisi tuna njaa."

Nusu ya maneno hayo nayakubali. Ni kweli, wengi wanaopanda Stelvio siku ile wana baiskeli nyepesi ambazo bei yake hapa mtu anaondoka na pikipiki mpya, na chenji inabaki. Kwao baiskeli ni mchezo wa Jumamosi. Jumatatu wanarudi kwenye usukani.

Lakini geuza shilingi utazame upande wa pili. Kama nchi ya matajiri inaweza kusimamisha magari ili watu wacheze, nchi ya makabwela inashindwaje kusimamisha magari ili watu wafanye kazi? Kule baiskeli ni starehe na imepewa njia. Huku baiskeli ni mkate, ni mkaa, ni samaki, ni mayai, ni ada ya mtoto wa shule, na imepewa mtaro. Nani hapo anayehitaji zaidi?

Tena mchezo wenyewe si wa Wazungu peke yao. Chris Froome, aliyeshinda mbio za Ufaransa mara nne, alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Alifundishwa na Mkenya, David Kinjah, katika barabara za vumbi za Kikuyu. Mei 2018, katika mbio za Italia, Froome aliwakimbia wenzake huko huko Alps, kwenye mlima wa Finestre ambao kilomita zake za mwisho ni za changarawe. Alikwenda peke yake kilomita 80 na akatwaa ushindi wa mbio nzima siku mbili baadaye. Wachambuzi wa Ulaya walishangaa. Kijana wa Kikuyu aliyezoea vumbi angeshangaa nini? Na mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mbio za Ufaransa na kuvaa jezi ya kijani mpaka Nice. Miguu tunayo. Tunachokosa ni njia.

Wengine watasema, "Afrika haiwezekani." Kawaambieni waende Kigali. Tangu Mei 2016 mji ule hufunga baadhi ya barabara zake kuu asubuhi za Jumapili zilizopangwa, mwanzo mara moja kwa mwezi, baadaye mara mbili. Watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli, wanapimwa afya bure. Mji una vilima kuliko wa kwetu, na nchi haina utajiri kutushinda. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Yalifanyika wapi? Kigali. Hawakuokota bahati njiani.

Kuna hoja nyingine naiheshimu zaidi: biashara. Barabara ikifungwa, mwenye duka atauza nini? Hofu hiyo ndiyo iliyoangusha mpango wa Sella, kwa hiyo siichezei. Lakini jiulizeni wenyewe: nani ananunua muhogo, maji ya madafu, chungwa la kumenya, chapati? Aliye ndani ya gari amefunga kioo, au aliye juu ya baiskeli ana kiu? Gari linapita. Mtu wa baiskeli anasimama. Mamantilie anajua jibu bila kwenda chuo kikuu.

TUNATAKA NINI?

Sitaki kumaliza kwa porojo. Nasema mambo matatu.

Kwanza, mji wetu uchague barabara moja kubwa, moja tu, na asubuhi moja ya Jumapili kila mwezi, ifungwe kwa injini tangu saa 12 mpaka saa 4. Gari la wagonjwa lipite, la zimamoto lipite. Wengine wote wazunguke. Itangazwe mapema, ijulikane kama ratiba ya mpira. Isiwe zawadi ya mkubwa, isiwe na hotuba wala fulana zenye picha ya mtu.

Pili, siku hiyo isiwe mwisho. Stelvio pekee ni sikukuu, lakini Stelvio pamoja na bonde lake ni mpango. Siku moja inawaonyesha watu kwamba inawezekana. Baada ya hapo inafuata njia ya kudumu, yenye ukingo wake, ambayo gari haliwezi kupanda na dereva hawezi kuegesha.

Tatu, na hili ni letu sisi vijana: tusingoje kupewa. Kule Uswisi walipiga kura, wakashindwa, wakapiga tena. Huku kuna vikao vya mitaa, kuna madiwani, kuna kipindi cha kuombwa kura. Diwani akija kukuomba kura yako, usimuulize fulana. Muulize: baiskeli ya binamu yangu itapita wapi?

Barabara zote hufungwa, hilo tumekwisha kuliona. Zilifungwa kwa ajili ya Kaisari, na hata leo zinafungwa kwa ajili ya vigogo wenye vioo vyeusi. Hakuna anayelalamika kwamba uchumi umesimama mkubwa anapopita. Basi swali si kama barabara inaweza kufungwa. Swali ni kwa ajili ya nani.

Binamu yangu bado anasambaza mayai. Deni la zile trei nne alilipa kwa miezi miwili. Juzi nilimsimulia habari ya kona 48, ya askari anayemsimamisha mwenye gari la fahari ili mtu wa baiskeli apite. Alidhani namtania. Akacheka, akafunga mpira kwenye keria, akaniuliza: "Na huyo mwenye gari, anakubali kusubiri?"

Anakubali, binamu. Akiambiwa, anakubali. Ni sisi tu ambao hatujasema.

Pembeni tumekaa vya kutosha.